Tulivyoupima Mchezo wa Ndola, Agosti 1979

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha,

Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya gazeti la mkutano wetu, labda alitazamia kwamba ningeandika juu ya watemi wa Usukuma, au misheni ya zamani ya hapa Nassa, au kupanda na kushuka kwa bei ya pamba. Mambo hayo ni makubwa na yana waandishi wake. Mimi nimechagua kandanda. Tena nimechagua mchezo mmoja tu, mchezo ambao sisi wa Nassa hatukuuona kwa macho bali tuliufuata kwa masikio: ule wa timu yetu ya Taifa na Zambia, mjini Ndola, Jumapili tarehe 26 Agosti 1979.

Sikuuchagua kwa ajili ya matokeo yake peke yake. Nimeuchagua kwa ajili ya zile siku kumi na tano zilizoutangulia. Katika siku hizo wapenzi wa kandanda wa hapa kwetu waliuweka mchezo ule katika mizani wakaupima, kama mkulima anavyolipima gunia lake nyumbani kabla hajalipeleka kwa karani. Historia haimo katika matendo ya wakubwa tu. Imo pia katika jinsi watu wa kawaida wanavyokaa chini, wakazitazama habari chache walizonazo, wakajaribu kuijua kesho. Kupima huko kuna somo kwa anayesoma historia, na hata kwa yule anayecheza mpira tu.

Nassa ya mwaka ule

Wakati ule Nassa ilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Wilaya ya Busega na Mkoa wa Simiyu vilizaliwa mwaka 2012, kwa hiyo mwanafunzi wa leo asishangae akisikia babu yake akijiita mtu wa Mwanza. Mahali palikuwa ni hapa hapa: barabara ya kwenda Musoma, ziwa na Ghuba ya Speke upande mmoja, na mashamba ya pamba upande wa pili. Agosti ni mwezi wa pamba kuuzwa. Kinu cha pamba kilikuwa kikinguruma, malori yakipishana, na watu wakiwa na fedha kidogo mfukoni.

Lakini fedha ilikuwa haina cha kununua. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na majeshi yetu yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Sisi wa kanda ya ziwa vita hivyo hatukuvisoma magazetini tu. Mwezi Machi ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilidondosha mabomu yaliyokusudiwa mji wa Mwanza, yakakosa shabaha. Vijana wa kwetu walikuwa jeshini, na Agosti hiyo zipo nyumba zilizokuwa bado zikingoja mtu arudi. Sabuni ilikuwa shida, sukari ilikuwa shida, na betri za redio zilikuwa shida kuliko vyote. Aliyekuwa na betri nzima alizitoa usiku akazifunga katika kitambaa, na asubuhi akazianika juani zipate nguvu.

Nayasema haya ili mfahamu kwa nini mchezo wa mpira ulikuwa na uzito namna ile. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 zilikuwa zichezwe Nigeria, na siku hizo hazikuwa za timu ishirini na nne kama ilivyokuja kuwa mwaka 2019. Zilikuwa za timu nane tu. Mwenyeji alikuwa na nafasi yake, na Ghana waliokuwa wakilishikilia kombe walikuwa na nafasi yao. Bara zima liligombea nafasi sita zilizobaki. Tanzania haikuwa imewahi kufika huko. Kwa watu waliokuwa wamechoka na habari za vita na za foleni, habari ya kwamba labda tungefika ilikuwa kama mvua ya kwanza.

Hesabu ya bao moja

Tarehe 11 Agosti timu ya Taifa iliifunga Zambia bao 1–0 mjini Dar es Salaam. Marudiano yalikuwa Ndola. Hapo ndipo hesabu ilipoanza, na hesabu yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kumfaa mtoto wa darasa la nne. Sare ya namna yoyote Ndola, sisi tumepita. Zambia wakishinda 1–0, tumelingana. Wakishinda kwa mabao mawili, wao wamepita. Na sisi tukipata hata bao moja kule, Zambia watahitaji mawili ili kulingana nasi, na matatu ili kutupita.

Ugumu haukuwa katika hesabu. Ugumu ulikuwa katika swali hili: timu inayokwenda ugenini na akiba ya bao moja, mbele ya washambuliaji wanaojua kupasiana, ifunge mlango na kungoja, au ifungue mlango ikatafute bao la pili?

Baraza letu lilikuwa chini ya mti, karibu na duka la fundi mmoja wa baiskeli, ambaye redio yake ndiyo iliyokuwa na sauti kuliko zote. Walikuja wapimaji wa pamba, wavuvi, madereva waliokuwa wakingoja mizigo, mwalimu mmoja aliyewahi kucheza winga alipokuwa chuoni, na sisi vijana, ambao kazi yetu ilikuwa kusikiliza na kutumwa maji. Majina yao siyataji, maana wengi wao wamekwisha kutangulia na hawakuomba kuandikwa.

Zambia walikuwa watu gani

Jambo la kwanza wazee wale walilolifanya, nami nalisifu mpaka leo, ni kumpima mpinzani kwa haki. Hawakusema Zambia ni wabovu kwa kuwa tumewafunga. Walisema: tumewafunga kwetu, tena kwa bao moja.

Zambia ya miaka ile haikuwa timu ya kubahatisha. Mwaka 1974, katika fainali za Misri, walifika mchezo wa mwisho kabisa, wakatoka sare ya 2–2 na Zaire, hata ikabidi mchezo urudiwe ndipo wakafungwa 2–0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Kwa maneno mengine, ilihitajika fainali mbili na mshambuliaji wa ajabu ili kuwazuia. Katika kizazi chao alikuwamo Godfrey Chitalu, ambaye Wazambia wanamhesabia zaidi ya mabao mia moja katika mwaka 1972 peke yake, na alikuwamo Alex Chola.

Mwalimu wetu ndiye aliyetueleza chanzo cha mchezo wao. Kaskazini mwa Zambia iko Copperbelt, nchi ya migodi ya shaba: Ndola, Kitwe, Mufulira, Luanshya, Chingola. Miji hiyo imekaribiana, na makampuni ya migodi yalizilea timu, yakajenga viwanja na kuwapa wachezaji kazi. Kijana alikulia mtaa mmoja na wenzake, akacheza nao utotoni, akafanya nao kazi, akaingia nao timu ya wakubwa. Watu waliokaa pamoja namna hiyo hawahitaji kutazamana ili kupasiana. Mmoja anautoa mpira kabla mwenzake hajafika, kwa kuwa anajua atafika. Huo ndio uliokuwa mchezo wa Zambia: pasi fupi fupi chini kwa chini, mmoja anatoa na kukimbia, wa pili anarudisha, wa tatu ametokea pasipotazamiwa.

Mwalimu aliongeza jambo la hali ya nchi. Ndola iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,300, karibu na kimo chetu sisi wa ziwani. Wachezaji waliozoea Dar es Salaam, alisema, wataona pumzi inapungua mapema. Na Agosti huko ni kiangazi kama kwetu, kiwanja ni kikavu, mpira unakimbia. Kiwanja cha namna hiyo humpendelea mwenye pasi.

Ushahidi uliowekwa mezani

Hoja bila ushahidi ni kelele, na baraza lile lilikuwa na ushahidi wa aina mbili, kila mmoja ukivuta upande wake.

Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1974. Simba ya Dar es Salaam ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kupambana na Mehalla El-Kubra ya Misri. Dar es Salaam, Simba ilishinda 1–0. Ilikwenda Misri na akiba ya bao moja, hiyo hiyo tuliyokuwa nayo sisi sasa. Ikafungwa 1–0, wakalingana, zikapigwa penalti, Simba ikatolewa. Fundi wa baiskeli, aliyekuwa Simba wa damu, alikuwa hajasahau. Kila mtu aliposema bao moja linatosha, yeye aliuliza: “Lilitosha lini?”

Lakini mpimaji mmoja wa pamba, mtu wa Yanga, alimjibu kwa ushahidi wa Simba hiyo hiyo. Mapema mwaka huo huo wa 1979, katika kombe hilo hilo, Simba ilikutana na Mufulira Wanderers, timu ya Copperbelt hasa. Mufulira walikuja Dar es Salaam wakaifunga Simba 4–0. Nchi nzima ilisema yamekwisha. Wapo waliosema Simba isijisumbue kusafiri, ibaki nyumbani, fedha ya safari inunuliwe dawa. Simba ikasafiri. Ikashinda huko huko Zambia 5–0, Thuwein Ally akifunga matatu na George Kulagwa mawili. Mabao manne yakafutwa na matano.

“Basi niambieni,” akasema yule mtu wa Yanga, “ugenini ni kaburi la nani?”

Ilikuwa ajabu kumsikia mtu wa Yanga akiitetea Simba, na watu walicheka. Lakini alikuwa amegusa jambo kubwa. Mchezo wa Misri ulisema: akiba ya bao moja si akiba. Mchezo wa Mufulira ulisema: Wazambia wa pasi wanaweza kufungwa kwao, tena kwa wingi, wakikutana na mtu anayewashambulia. Kwa juu juu shahidi hizi mbili zinapingana. Ukizitazama vizuri, zinasema neno moja: aliyekwenda kulinda alitolewa, na aliyekwenda kutafuta alipata.

Mzee mmoja mvuvi alilikataa neno hilo. “Vijana wangu,” alisema, “Simba alikwenda kutafuta kwa sababu hakuwa na cha kupoteza. Aliyefungwa manne anaogopa nini? Sisi tuna bao moja mkononi. Mwenye samaki mmoja havui kama mwenye mtumbwi mtupu.” Nao ulikuwa ukweli, na hakuna aliyeucheka.

Namna ya kuwazuia wenye pasi

Jioni moja mwalimu aliomba mbegu za pamba na punje za mahindi. Akazipanga juu ya sanduku la vyuma vya baiskeli: mbegu kumi na moja, punje kumi na moja. Alitufundisha jambo ambalo baadaye nimelisikia kwa makocha wengi, lakini mimi nililisikia kwanza pale.

Alisema kosa la kwanza la anayecheza na timu ya pasi ni kuufukuza mpira. Mpira hauchoki, mtu huchoka. Ukimkimbilia mwenye mpira, ameshautoa. Nawe umeacha nyuma yako nafasi uliyokuwa umeikalia, na hapo ndipo mtu wa tatu anapotokea. Usiutazame mpira, tazama njia zake. Walinzi wakae karibu karibu, na wachezaji wa kati wasiwe mbali na walinzi, ili pasi ya kupenya katikati isipate mlango. Waachie pembeni kidogo, kwa kuwa mpira ulioko pembeni bado uko mbali na goli. Wapasiane wanavyotaka mbele yako, mradi wasipasiane nyuma yako.

Hapo mvuvi akafurahi, akidhani mwalimu yuko upande wake. Lakini mwalimu akachukua mbegu moja ya pamba akaiweka mbele peke yake, katikati ya punje za mahindi. “Huyu harudi nyuma,” akasema. “Hata mkilemewa, huyu harudi. Mkimrudisha, walinzi wao wanne wote watapanda, na kila mpira mtakaoutoa utarudi kwenu upesi. Mkimwacha, walinzi wawili wa kwao hawatathubutu kumwacha. Mtu mmoja amewafunga kamba watu wawili, na bado hajaugusa mpira.”

Kumbe swali la kufunga au kufungua mlango halikuwa swali sahihi. Unafunga mlango, lakini mtu mmoja unamweka nje, na wale walio ndani wawe na roho ya kumpelekea mpira, hata mara tatu tu katika mchezo mzima. Kazi ya mtu huyo ni ngumu, maana anakaa njaa muda mrefu, na chakula kikija ni kijiko kimoja. Anatakiwa asikimwage.

Siku yenyewe

Jumapili ile watu waliotoka kanisani hawakwenda mbali. Mashabiki wa kanda ya ziwa kwenda Ndola ilikuwa ndoto: reli kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, halafu Reli ya Uhuru kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na bado hujafika. Safari yetu ilikuwa ya redio. Betri zilikuwa zimekusanywa kwa nyumba nne.

Zambia wakatangulia kufunga. Alex Chola ndiye aliyefunga, na jumla ikawa 1–1. Ukimya ulioingia pale chini ya mti naukumbuka kuliko kelele zilizofuata. Fundi wa baiskeli hakusema “niliwaambia.” Aliinama tu akashika spana yake. Kila mtu alikuwa anaiona Misri ya 1974 ikirudi: bao moja letu, bao moja lao, na penalti mbele.

Saa zilikwenda. Zambia walikuwa na mpira, wakiupeleka na kuurudisha, na walinzi wetu waliendelea kuondoa hatari moja baada ya nyingine. Ndipo katika dakika za mwisho mwisho Peter Tino alipopata nafasi, akafunga. Mchezo ukaisha 1–1, jumla 2–1, na Tanzania ikawa imeingia fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Joel Bendera, aliyekuja kuwa mwanasiasa na mkuu wa mikoa ya Morogoro na Manyara, anakumbukwa mpaka leo kuwa kocha aliyetufikisha huko. Na jina la Tino likawa jina la watoto wengi wa kiume waliokuwa wakicheza chandimu mwaka ule. Kila mmoja alitaka kuwa yeye.

Tulipima sawasawa?

Sasa mwanafunzi wa historia atauliza: baraza la Nassa lilikuwa limepima sawasawa? Nami nimeufikiria mchezo huo miaka mingi, na jibu langu ni hili.

Fundi wa baiskeli alipima sawa, kwa kuwa bao moja la nyumbani kweli halikutosha, lilifutwa. Mtu wa Yanga alipima sawa, kwa kuwa ugenini hapakuwa kaburi. Mvuvi naye alipima sawa, kwa kuwa timu iliyokuwa na akiba haikuitawanya ovyo. Kama tungefungwa la pili, Tino asingekuwa na kitu cha kuokoa. Na mwalimu alizishika hoja zote tatu akazitia katika mfuko mmoja. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na hakuna aliyekuwa nao wote. Ndiyo maana ya baraza.

Kitu ambacho mizani haikuweza kukionyesha ni moyo wa mtu mmoja katika dakika za mwisho. Kupima vizuri hakufungi bao. Kunakuweka tu mahali ambapo bao likija litakuwa na maana. Mabao ya Simba kule Zambia, yale matano, yalitaka manne yafutwe kwanza. Bao la Tino lilikuwa moja tu, lakini lilikuta kazi ya walinzi imekwisha kufanyika.

Na jambo jingine. Ushindi haurithiwi. Machi 1980, Lagos, tulikutana na wakubwa: Nigeria wakatufunga 3–1, bao letu likifungwa na Juma Mkambi, Misri wakatufunga 2–1, na Ivory Coast tukatoka nao sare 1–1, Thuwein akifunga katika michezo hiyo miwili. Nahodha alikuwa Leodegar Tenga, aliyekuja kuwa rais wa shirikisho letu la mpira. Nigeria ndio waliolichukua kombe. Tulirudi tukisema tumepata uzoefu, tutarudi tena karibuni. Hiyo “karibuni” ilichukua miaka 39. Hatukuingia tena fainali hizo mpaka mwaka 2019, kule Misri. Mtoto aliyezaliwa Nassa siku ya bao la Tino alikuwa na mvi za kwanza.

Tulikaa muda mrefu mno tukiisimulia Ndola badala ya kuijenga Ndola nyingine. Wenzetu wa Zambia nao walipata msiba wao mkubwa: Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ya Taifa ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, na watu wote 30 waliokuwamo wakafa. Chitalu alikuwa kocha wa timu hiyo, na Alex Chola, yule yule aliyetunyamazisha pale chini ya mti, alikuwa msaidizi wake. Siku habari ile ilipotangazwa, nilikutana na mzee mmoja wa baraza letu. Hakuzungumza juu ya bao. Alisema tu, “Yule kijana alijua mpira.” Wazambia waliomboleza, wakaanza upya, na mwaka 2012 wakachukua Kombe la Afrika katika mji huo huo wa Libreville. Hao ndio watu tuliowapima mwaka 1979, na mnaona kwamba hatukukosea tulipokataa kuwadharau.

Januari 2024 tulikutana nao tena, safari hii katika fainali zenyewe, mjini San Pédro, Ivory Coast. Simon Msuva akatutanguliza mapema. Zambia wakabaki kumi baada ya mchezaji wao kutolewa kwa kadi nyekundu. Tukiwa tumebakiza dakika mbili au tatu, Patson Daka akasawazisha, 1–1. Matokeo yalikuwa yale yale ya Ndola, ila mikono ilikuwa imebadilishana: safari hii sisi ndio tuliokuwa na akiba ya bao moja, na wao ndio waliokuwa na mtu mmoja mbele asiyerudi nyuma. Nilipouona mpira ule ukiingia nilikumbuka mbegu ya pamba juu ya sanduku la vyuma.

Neno kwa wanafunzi

Nimeambiwa kwamba timu ya shule inajiandaa na michezo ya ugenini muhula huu, na kwamba mpinzani mmoja ana sifa ya pasi. Basi nawaachieni yale tuliyoachiwa sisi. Msimdharau kwa kuwa mlimfunga kwenu. Msimwogope kwa kuwa mnakwenda kwake. Tafuteni habari zake za kweli, si za barabarani. Msiufukuze mpira, zibeni njia zake. Akiba mkiwa nayo, ilindeni bila kulala juu yake. Na mtu mmoja abaki mbele, mvumilivu, tayari kwa kijiko kimoja.

Nanyi mtakaobaki shuleni kushangilia, kaeni chini kabla ya mchezo mpime pamoja, Simba na Yanga, mwenye hoja ya kulinda na mwenye hoja ya kushambulia, bila kutukanana. Nchi hii ina mambo mengi makubwa kuliko mpira yanayongoja kupimwa namna hiyo.

Nawatakieni mkutano mwema na masomo mema.